Uzi: Nilikwenda Florence kusomea udhibiti wa mawasiliano, karatasi yangu ikarudi imejaa wino mwekundu

#1 Mzee wa Masafa

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kwenye ule uzi wa bei za bando nilijitia kusema kwamba udhibiti wa mawasiliano ni taaluma ya watu, si kazi ya kukaa ofisini na kupiga faini. Nikaandamwa kweli kweli. Mmoja akaniambia "mzee, hiyo taaluma inafundishwa wapi, gengeni?" Haya, nimekuja kujibu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi kwa kusomea ni fundi wa redio: antena, masafa, minara. Sheria nilikuwa nazikwepa. Miaka kadhaa nyuma nikapata ufadhili wa kozi fupi Italia, Florence. Kusema kweli ni juu kidogo ya Florence. Unapanda basi namba 7 linalopandisha kilima cha Fiesole, unashuka kituo cha San Domenico, halafu unateremka kwa miguu hadi kwenye monasteri ya zamani inayoitwa Badia Fiesolana. Hapo ndipo ilipo European University Institute, EUI kwa kifupi. Mkataba wa kuianzisha ulisainiwa 1972 na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1976. Shahada ya kwanza haipo pale, wengi wao ni watu wa uzamivu.

Ndani ya EUI kuna Florence School of Regulation, iliyoanza 2004 na mambo ya nishati: umeme na gesi. Mawasiliano na vyombo vya habari vikafuata baadaye, na siku hizi upande huo umo kwenye kituo chao cha Centre for a Digital Society. Jirani yake kuna kituo kingine, CMPF, tangu 2011, kinachopima uhuru na wingi wa vyombo vya habari. Nitakirudia.

Darasani tulikuwa mchanganyiko. Watu wa mamlaka za udhibiti za nchi mbalimbali, mawakili wa kampuni za simu, watafiti, na mimi na spana zangu. Siku ya kwanza tukapewa zoezi. Nalileta kama lilivyo, nanyi mjaribu, jibu nitalitoa mwishoni:

Nchi ni kisiwa kidogo. Kebo ya baharini ni moja. Kampuni A ina asilimia 48 ya wateja wa intaneti majumbani, B ina 30, C ina 22. Kuna kampuni D, haina mteja hata mmoja wa nyumbani. D inamiliki jengo ambalo kebo inatokea nchi kavu, na nyaya za chini ya ardhi kutoka pale hadi mjini. Wananchi wanalalamika intaneti ni ghali. Wewe ndiye mdhibiti. Unamshika nani, na unaandika nini kwenye uamuzi wako?

Nawasilisha kipande cha kwanza. Naendelea.

#2 Kibatari

Nimekaa siti ya mbele mkuu, tiririka. Jibu langu: A. Asilimia 48 huyo ni papa, mshike mkia.

#3 Mama Tumaini

Na mimi A. Mpe bei ukomo, atatulia.

#4 Mzee wa Masafa

Hahaha, mmejibu kama mimi. Tunzeni majibu yenu.

Kabla ya zoezi, mjue kwanza Ulaya walitokea wapi. Zamani kila nchi ilikuwa na shirika moja la posta na simu, la serikali, ndilo hilo hilo linatoa huduma na linajipangia sheria. Tarehe 1 Januari 1998 nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zikafungua soko la simu. Ikaonekana mara moja kwamba kufungua mlango hakutoshi, maana kampuni mpya inaingia na kukuta waya wote unaofika kwa mteja ni wa lile shirika la zamani. Atamkodishia mshindani wake kwa bei gani? Hapo ndipo mdhibiti anapoingia.

Mwaka 2002 wakaweka utaratibu ambao hadi leo ndio uti wa mgongo wa mafunzo yote. Mdhibiti wa nchi haruhusiwi kuamka asubuhi na kutunga bei. Anaanza kwa kuainisha soko: bidhaa gani, eneo gani. Akimaliza anatazama kama yupo mwenye nguvu kubwa ya soko. Yupo? Ndipo anachagua dawa, na dawa iwe saizi ya ugonjwa: kumlazimisha afungulie wenzake mtandao, asibague, atenganishe hesabu zake, au mwisho kabisa apangiwe bei.

Na soko lenyewe halistahili kushikwa mpaka lipite maswali matatu. Je, vizuizi vya kuingia sokoni ni vikubwa na vya kudumu? Je, ushindani hauonekani kuja wenyewe ndani ya muda wa kueleweka? Je, sheria ya kawaida ya ushindani peke yake haitoshi? Likijibiwa "hapana" moja tu, mdhibiti anaweka kalamu chini.

Hiki ndicho kilichonishangaza kuliko yote. Mwaka 2003 orodha ya masoko yaliyopendekezwa kuchunguzwa ilikuwa na masoko 18. 2007 yakabaki 7. 2014 yakawa 4. 2020 yakabaki 2. Yaani wenzetu wanahesabu mafanikio kwa kupunguza kazi yao wenyewe! Nilimuuliza jirani yangu wa darasani, mama mmoja wa mamlaka ya nchi ya Baltiki, kama hawaogopi kukosa kazi. Akacheka, akasema kazi haipungui, inahamia tu kwenye majukwaa ya mtandaoni.

#5 Wakili wa Ngara

Mzee, niongezee hapo kama mtu wa sheria. Wasomaji wasidhani mdhibiti wa nchi anaamua akamaliza. Rasimu ya uamuzi wake anaipeleka kwa Kamisheni ya Ulaya, yaani chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, kwa wadhibiti wenzake, na kwa BEREC, kile chombo chao cha pamoja ambacho ofisi yake iko Riga, Latvia. Wana mwezi mmoja wa kutoa maoni. Kamisheni ikiwa na mashaka mazito kuhusu ulivyoainisha soko au uliyemtaja kuwa na nguvu, inafungua miezi miwili mingine, na inaweza kukuzuia kabisa. Kwa hiyo kila mdhibiti anaandika akijua kuna jicho la pili.

Huku kwetu tungekuwa na hilo jicho la pili tungekuwa mbali.

#6 Mzee wa Masafa

Umenisaidia sana wakili. Na ndiyo maana karatasi yangu ilirudi nyekundu, subirini.

#7 Dogo wa Mbagala

Mimi sijaelewa bado hiyo inanihusu nini mimi mnunua bando la buku. Hizo ni sifa za Ulaya tu.

#8 Mzee wa Masafa

Dogo, swali zuri, nikupe mfano wa romingi, yaani kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine, ambao hata wewe utaupata.

Ulaya kuvuka mpaka na laini yako ilikuwa balaa. Mtu anatoka likizo, anakuta bili ya simu inalingana na ya hoteli. 2007 wakaweka ukomo wa kwanza: senti 49 za yuro kwa dakika ukipiga, senti 24 ukipokea, kabla ya kodi. Mwaka hadi mwaka wakashusha, hadi tarehe 15 Juni 2017 wakafuta nyongeza kabisa: unatumia kifurushi chako Hispania kama uko kwako Ujerumani. 2022 wakaurefusha utaratibu huo hadi 2032.

Sasa, wengi wanaiona bei ya rejareja tu. Darasani tulitumia karibu siku nzima kwenye bei ya jumla, yaani ile ambayo kampuni ya Ujerumani inailipa kampuni ya Hispania kwa ajili ya mteja wake aliye ufukweni. Ukifuta nyongeza kwa mteja bila kushusha ya jumla, kampuni inauza kwa hasara, kisha inafidia kwa kumpandishia bei bibi ambaye hajawahi kutoka kijijini. Kwa hiyo wakaweka ukomo wa jumla pia: yuro 7.70 kwa kila gigabaiti mwaka 2017, ikishuka mwaka hadi mwaka hadi 2.50 mwaka 2022, na inaelekea yuro 1 mwaka 2027.

Na bado kuna watu waliumia. Finland watu wamezoea data bila kikomo kwa bei poa, halafu wakati wa baridi wanakimbilia jua la kusini. Wanatumia mitandao ya wenzao zaidi kuliko wenzao wanavyotumia ya kwao, kwa hiyo kampuni zao zinalipa kuliko zinavyolipwa. Baadhi ya kampuni za huko na za nchi za Baltiki ziliomba, zikaruhusiwa kuendelea kutoza nyongeza ndogo kwa muda. Mhadhiri alituambia: kanuni ikikosa mlango wa dharura, watu wataruka dirishani. Niliiandika kwenye jalada la daftari.

#9 Wakili wa Ngara

Hapo hapo mzee. Romingi Waafrika Mashariki hatukungoja Ulaya. Kampuni ya simu ya Celtel ilizindua One Network Septemba 2006, Kenya, Uganda na Tanzania, ukivuka mpaka unalipa kama mwenyeji na kupokea ni bure. Hiyo ilikuwa kampuni yenyewe, hakuna aliyeilazimisha. Baadaye mwishoni mwa 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zikaja na eneo la mtandao mmoja kwa makubaliano ya serikali. Miaka karibu mitatu kabla ya hiyo Juni 2017 yenu.

#10 Bodaboda Katuna

Wakili amesema kweli. Mimi navuka Katuna kuingia Rwanda mara tatu kwa wiki. Kabla ya hapo nilikuwa na laini mbili, moja natia kwenye soksi. Kupokea simu ya mke tu salio linakwenda.

#11 Mzee wa Masafa

Wakili, nilisema hivyo hivyo darasani, kwa majivuno kabisa! Wengi hawakuwa wanajua. Mhadhiri alikuwa anajua, ila akanigeuzia kibao: "Kampuni moja kufanya kwenye mitandao yake yenyewe ni jambo jepesi, maana haijilipi bei ya jumla. Kibarua ni mitandao inayoshindana." Nikakaa.

Bodaboda, hiyo ya soksi nimeipenda.

#12 Mama Tumaini

Mzee umesema pia vyombo vya habari. Mimi nafanya kazi redio, huko mlifundishwa nini?

#13 Mzee wa Masafa

Dada, huko ndiko nilikotoka jasho, maana kwenye simu unahesabu, kwenye habari unapima kwa nini?

Kwa upande wa televisheni, Ulaya walianza 1989 na maagizo ya Televisheni Bila Mipaka. Msingi wake: kituo kinafuata sheria za nchi kilikosajiliwa, kikishatii huko, nchi nyingine hazikizuii ovyo. Baadaye wakaingiza na filamu za kuagiza mtandaoni. Tangu marekebisho ya 2018 majukwaa hayo yanatakiwa kuwa na angalau asilimia 30 ya kazi za Ulaya kwenye katalogi zao, na zionekane, zisifichwe mwisho wa ukurasa.

Sasa wana sheria mpya ya uhuru wa vyombo vya habari. Ilianza kuwa na nguvu Mei 2024, na sehemu kubwa yake ikaanza kutumika tarehe 8 Agosti 2025. Humo kuna kumlinda mwandishi asilazimishwe kutaja chanzo chake, mmiliki wa chombo ajulikane, redio na televisheni ya umma isiwe mali ya aliye madarakani. Na kuna kifungu cha 25, ambacho nikikutajia utacheka au utalia: matangazo ya biashara ya serikali. Serikali na mashirika yake wanatakiwa kugawa matangazo kwa vigezo vilivyo wazi, bila ubaguzi, na wachapishe kila mwaka nani kapewa shilingi ngapi. Yuro, samahani.

#14 Mama Tumaini

Nimelia. Sisemi zaidi, nina watoto.

#15 Kibatari

😂😂 dada tumekuelewa

#16 Mzee wa Masafa

Msifikiri huko Ulaya wote walishangilia. Hungary ilikwenda Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, 2024 kuomba sheria hiyo ifutwe.

Na sasa kile kituo cha CMPF. Hawa kipimo chao kinaitwa Media Pluralism Monitor. Wanapima hatari, si ubora. Maeneo manne: ulinzi wa kimsingi, wingi sokoni, uhuru dhidi ya siasa, na ujumuishi wa makundi. Viashiria 20, kila kimoja kina maswali yake mengi, na kila nchi ina timu ya watafiti wa huko huko wanaoyajibu kwa ushahidi. Mwisho inatoka asilimia: hadi 33 hatari ni ndogo, hadi 66 ya kati, juu ya hapo kubwa. Ripoti zote ni bure mtandaoni.

Nilichopenda ni kwamba sheria nzuri kwenye karatasi haikupi alama zote. Wanauliza sheria ipo? Halafu wanauliza inafanya kazi? Kuna nchi ina sheria safi kabisa ya umiliki, lakini ukienda kwenye rejista ya kampuni unamkuta mmiliki ni kampuni nyingine, na ya kampuni hiyo ni nyingine tena. Kama kuchambua kitunguu, mpaka machozi.

#17 Wakili wa Ngara

Mzee usimsahau mdhibiti mwenyewe. Nani anamlinda yeye?

Kuna kesi naipenda, ya Hispania. Walikuwa na mdhibiti wa simu, CMT, makao Barcelona. 2013 serikali ikaziunganisha mamlaka kadhaa kuwa moja, CNMC. Mwenyekiti wa CMT na mjumbe mmoja wa bodi wakaondolewa kabla ya muda wao kwisha, kwa hoja kwamba ofisi yao haipo tena. Wakaenda mahakamani. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua Oktoba 2016: kuunganisha mamlaka mnaruhusiwa, lakini kuunganisha peke yake si sababu ya kumwondoa mtu kabla ya muda wake, kama hakuna kanuni za kuhakikisha uhuru wake hauguswi. Kwa sababu mdhibiti anayejua anaweza kuvunjiwa ofisi kesho, leo ataandika uamuzi huku anachungulia dirishani.

#18 Dogo wa Mbagala

Sasa naanza kuelewa. Lakini WhatsApp na TikTok je? Bando langu lote linakwenda huko.

#19 Mzee wa Masafa

Dogo umekua ndani ya uzi mmoja!

Kwa hao wakubwa wana sheria mbili za 2022, DSA (ya huduma za kidijitali) na DMA (ya masoko ya kidijitali). Sitazichambua, zinahitaji uzi wao. Kwa ufupi: DSA inasema jukwaa lenye watumiaji milioni 45 au zaidi kwa mwezi ndani ya Umoja wa Ulaya lina wajibu wa ziada, lipime madhara yake lenyewe, likaguliwe, na likikosea faini inaweza kufika asilimia 6 ya mapato yake ya dunia nzima. DMA inawashughulikia wale wanaoshika lango, yaani majukwaa makubwa ambayo biashara nyingine lazima zipite kwao kumfikia mteja.

Kuna kipande cha DSA kinachohusu wenzetu watafiti, na ndicho kinachobadilisha vyuo huko. Kifungu cha 40. Mtafiti aliyehakikiwa anaweza kuomba takwimu za ndani za jukwaa kubwa ili achunguze madhara, na jukwaa halina ruhusa ya kumfukuza mlangoni. Kanuni za utekelezaji wake zilianza Oktoba 2025. Zamani mtafiti alikuwa anabembeleza kampuni, ikikasirika inamfungia. Desemba 2025 Kamisheni iliupiga mtandao wa X (zamani Twitter) faini ya yuro milioni 120, na mojawapo ya makosa matatu lilikuwa kuwawekea watafiti vikwazo kwenye takwimu.

#20 Kijana wa Uzamili

Mkuu shikamoo. Mimi nasoma sheria mwaka wa pili uzamili, nataka kuingia huko. Nianzie wapi? Hela sina.

#21 Mzee wa Masafa

Marahaba mwanangu. Anza na vya bure. European Audiovisual Observatory wako Strasbourg tangu 1992, jarida lao la IRIS linaeleza kesi na sheria za habari nchi kwa nchi, kwa lugha nyepesi. Soma ripoti moja ya Media Pluralism Monitor ya nchi ndogo, Malta kwa mfano, ndogo inaeleweka haraka. Halafu tafuta rasimu moja ya uamuzi wa mdhibiti na barua ya majibu ya Kamisheni, zote ziko wazi, uzisome sambamba. Siku mbili za hivyo zinazidi muhula mzima. Kama unataka taaluma ya habari na faragha zaidi, Amsterdam kuna IViR, wakongwe wa sheria ya habari tangu 1989.

Ukiandika maombi ya ufadhili, usiandike "nina shauku kubwa tangu utotoni". Andika tatizo moja la nchi yako, lihesabu. Mimi niliandika kuhusu mnara mmoja na kampuni tatu zinazougombania. Hiyo tu.

#22 Nasra wa Mombasa

Nimesoma toka juu sijasema kitu. Kwenye zoezi, mbona watu wote mnamkimbilia A? Mimi nimekulia karibu na bandari. Mwenye duka kubwa si tatizo, tatizo ni mwenye geti la bandari. A, B na C wote wanapita kwa D. Mshike D.

#23 Kibatari

Lakini D hana hata mteja mmoja dada!

#24 Nasra wa Mombasa

Mwenye geti naye hauzi mchele. Na mchele ukipanda unajua kwa nini.

#25 Mzee wa Masafa

Nasra, ungekuwa kwenye kikundi chetu tusingeaibika.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Kikundi chetu tulikuwa wanne. Tukamshika A kwa sababu ya 48, tukampangia bei, tukaandika nusu ukurasa, tukaenda kunywa kahawa mapema tukiwa tunajisifu. Kesho yake mhadhiri, akicheza nafasi ya Kamisheni, akaturudishia. Pembeni ya 48 kulikuwa na mstari mwekundu na maneno: kwenye sheria yao ya ushindani, ni sehemu ya soko ya asilimia 50 na kuendelea ndiyo inayochukuliwa kuwa dalili ya ukubwa, tangu kesi ya kampuni ya kemikali ya AKZO 1991, chini ya hapo lazima ulete ushahidi mwingine. Mmeuleta? Hatukuleta.

Mstari wa pili: bei ya mjini inatoka wapi? Hatukuuliza. A, B na C wote walikuwa wananunua kwa D kwa bei ile ile kubwa. Ukimpangia A bei ya rejareja huku D anamkamua, unamuua A, na B na C wanafuata. Soko la kushikwa lilikuwa la jumla, pale kebo inapotokea. Dawa ni D afungue jengo, awakodishie wote kwa masharti sawa, kwa bei inayofuata gharama. Rejareja ingeshuka yenyewe, na kama isingeshuka, ndipo turudi kwa A.

Mstari wa tatu ndio ulioniuma. Chini ya uamuzi wetu tulikuwa tumeandika "kwa hiyo kampuni A inaamriwa". Akazungushia duara neno *kwa hiyo*, akaandika: kwa hiyo ipi?

Karatasi ninayo hadi leo. Kibatari, Mama Tumaini, nanyi mkitaka ya kwenu niwape, nina kalamu nyekundu hapa.

#26 Kibatari

Mkuu niandikie tu "rudia". Nasra, hongera, geti la bandari nimelikubali.